Ombi Moja Linasubiri

Fundi Atuganile hakuwa mtu wa kula mlenda. Bamia alizionja mara moja tu, ukweni, kwa adabu, kisha akaenda kuzitapika nyuma ya banda la kuku na kusingizia malaria. Kitu chochote kinachoteleza kilimtia kinyaa: utando juu ya maziwa yaliyochemka, konokono wa masika, hata sabuni iliyosahaulika majini ikalainika. Wenzake walipomaliza shule na kukimbilia uuguzi, yeye alichagua kompyuta kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kompyuta ilikuwa kitu kikavu. Unafungua kwa bisibisi, unapuliza vumbi, unafunga, na mikono unanawa kwa mazoea tu.

Na sasa, ana miaka hamsini na minne, alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma cha karakana yake mjini Tukuyu, glavu mbilimbili mikononi, barakoa iliyopakwa mafuta ya mkaratusi usoni, akiitazama kompyuta mpya ya zahanati na kuwalaani wote walioona ni jambo la akili kutia nyama ndani ya sanduku la plastiki.

Nyama lilikuwa neno lake yeye. Kitabu cha Kampuni ya Pumziko kiliita kile kitu tishu-fikra. Mafundi wa mji mzima walikiita maini, na ukikifungua huna haja ya kuuliza kwa nini: kipande cha kahawia chenye ukubwa wa ngumi mbili, kinaelea katika bakuli la maji ya sukari na chumvi, yaleyale anayopewa mtoto anayeharisha. Kompyuta za zamani zilikuwa zimekula umeme mpaka mabwawa yakashindwa. Hii ilikunywa lita moja ya maji matamu kwa juma na kufanya kazi ya mashine hamsini. Ilikuwa na sharti moja tu. Maini lazima yalale, dakika kumi na tano hapa, saa moja pale, kila mtumiaji anapoondoka. Yasipolala hupata joto, na yakikaa na joto hilo siku kumi na nne huoza.

Ya zahanati ilikuwa imekaa macho siku kumi na moja.

"Mashine imechanganyikiwa, mama," alikuwa amesema Ambakisye asubuhi, alipoishusha kutoka kwenye gari la wagonjwa. Ndiye mganga mfawidhi wa zahanati, kijana mrefu wa miaka thelathini na kitu ambaye hata siku ya jua hutembea na mabuti ya mvua. "Juzi imeagiza dawa za minyoo za kutosha wilaya nzima. Jana inaniambia friji ya chanjo iko nyuzi nne. Nikaenda na kipimajoto changu mwenyewe, nyuzi kumi na moja! Na chanjo mpya zinafika kesho jioni, Alhamisi nina kliniki ya watoto. Mashine inayolinda friji ni hii, sina nyingine. Nisaidie, mama yangu."

"Mnaiweka wapi?"

"Chumba cha dawa. Tunakifunga, haingii mtu ila mimi nikifuata dawa."

"Na inanuka hivi tangu lini?"

Ambakisye alitazama mabuti yake. "Tangu juma lililopita. Tulidhani panya amefia darini."

* * *

Alianza na vitu vikavu, ndivyo alivyokuwa. Fundi anayekimbilia kufungua kifuniko kabla ya kutazama mipangilio alimwona kama daktari anayempasua mtu mwenye kikohozi. Muda wa kulala ulikuwa sahihi, dakika kumi na tano. Akaupunguza uwe dakika moja ili asizeeke akisubiri. Hakuna kazi iliyokwama kwenye printa. Hakuna wimbo uliosahaulika ukicheza. Akachomoa waya wa mtandao, akangoja dakika, kioo kikabaki kinawaka. Akachomoa printa. Kioo kinawaka. Akachomoa kibodi. Kioo kile kile, na kwenye pembe yake ya chini neno dogo la kijivu, Shikamoo, ambalo alilichukulia kuwa urembo wa kampuni. Siku hizi hata birika la chai linakukaribisha.

Harufu sasa ilikuwa imeshinda mkaratusi. Ilikuwa harufu ya chupa ya mtoto iliyosahaulika na maziwa ndani tangu Ijumaa, na chini yake kitu cha moto, cha jasho, kitu cha mgonjwa. Fundi alijisikia mate yakijaa mdomoni. Alijiambia kwamba akitapika humu atapiga deki mwenyewe, na wazo hilo lilimsaidia kuzuia.

Alichomoa kipanya. Papo hapo simu ikaita, akaiweka sikioni. Alikuwa Ambakisye, anamwamkia na kuuliza kama kuna nafuu.

"Marahaba, mwanangu," Atuganile alisema.

Kioo kikazimika. Feni iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza.

"Kipanya!" alipiga kelele. "Ambakisye, ni kipanya! Hicho kipanya chenu kibovu kinatetemeka chenyewe, mashine inadhani kuna mtu. Njoo kesho asubuhi uchukue mzigo wako, na kuanzia leo acheni kula vitumbua kwenye meza ya kazi."

Alivua barakoa kwa furaha akaenda mbele kula. Huko mbele, kwenye meza ya kupokelea wateja, ilikuwapo kompyuta yake mwenyewe, Pumziko ya kwanza kufika wilaya hiyo, nayo ilikuwa imelala. Miaka mitatu haijawahi kumsumbua. Ukiigusa inaamka, ukiondoka inalala, haina harufu, haina neno. Alikuwa akiwaonyesha wateja: ya kwangu iangalieni, inalala kama mtoto aliyeshiba.

* * *

Baada ya chakula alichomeka kipanya kipya, akaiamsha ile ya zahanati, akaijaribujaribu, akaiacha. Dakika moja. Mbili. Kumi. Kioo kiliendelea kuwaka kama hakijawahi kusikia habari ya kulala. Akachomoa kipanya kipya. Akachomoa kila kitu kilichoweza kuchomolewa, mpaka sanduku likabaki na waya wa umeme tu, uchi. Feni ikaanza tena kuvuma.

"Unanichezea," aliiambia.

Hapo ndipo alipofungua orodha ya maombi. Kila kompyuta inayo, ingawa mtumiaji wa kawaida haioni: ni mahali inapoandika ni nani au nini kimeiomba isilale. Printa ikiwa na kazi, itaandikwa humo. Filamu ikiwa inacheza, itaandikwa. Atuganile alikuwa ameisoma orodha hiyo mara elfu katika maisha yake na aliwajua wote wanaopenda kujiandika.

Ombi moja linasubiri, iliandika mashine. Chanzo: ndani.

Aliisoma mara mbili. Ndani ya wapi? Hakuna kifaa kiitwacho ndani. Na alipoinua macho kutoka kwenye orodha akaona lile neno la kijivu kwenye pembe limebadilika. Asubuhi liliandikwa Shikamoo. Sasa liliandikwa Shikamoo mama.

Haikumpendeza hata kidogo. Alirudisha barakoa, akaongeza mkaratusi, akafungua kifuniko.

Maji ya bakuli yalikuwa yamegeuka rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na juu yake umetanda utando, ule ule wa maziwa, mnene, wenye mikunjo. Alipousogeza kwa koleo ukang'ang'ania, kisha ukakatika na kuning'inia. Fundi alifumba macho akahesabu mpaka tano. Chini ya utando, maini yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu pembeni, na yalitetemeka: sekunde chache kimya, halafu mtetemo mdogo, halafu kimya tena. Kila yalipotetemeka, neno kwenye pembe ya kioo lilizimika na kuwaka upya.

Akatafuta doa jeusi linaloachwa na sindano ya usafi. Halikuwapo. Mahali pake, upande wa kushoto, palikuwa na doa la buluu, safi, halijaguswa.

Basi ndiyo hivyo. Hii haikufanyiwa Usafi wa Kwanza. Kila Pumziko iliyofika wilaya hiyo ilipita mikononi mwake kabla ya kukabidhiwa mteja, maana ndiye wakala. Kitabu kilisema: chomeka sindano ya umeme, ingoje iwe nyekundu, gusa doa la buluu mpaka moshi uishe, ili kuondoa mabaki ya malezi. Alikuwa amefanya hivyo kwa mashine kumi na tisa, ya kwanza ikiwa yake. Malezi alidhani ni lugha ya kiwandani tu, kama watu wanavyosema malezi ya vifaranga. Lakini Ambakisye na haraka zake alikuwa ameipokea ya zahanati stendi, moja kwa moja kutoka kwenye lori, akaipeleka chumba cha dawa bila kupita kwa mtu.

Alichukua sindano kutoka kwenye droo. Bado palikuwa na kikwazo kimoja: mashine iliyokwisha kuanza kazi haisafishwi bila namba ya ruhusa. Akapiga simu kampuni.

* * *

"Pumziko, hapa hakuna haraka! Unaongea na Obadia," ilisema sauti changamfu ya kijana. "Ooh, wakala wetu wa Tukuyu! Shikamoo mama."

"Mara..."

"Usiitikie!" Obadia alipiga kelele. Kisha, kwa upole wa kuomba radhi, "Samahani mama. Nimejisahau. Uko karibu na mashine?"

"Iko mbele yangu, wazi, inaninukia."

"Tafadhali toka nje kwanza."

Atuganile alitoka mpaka barazani. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na mwanzo wala mwisho. Alisimama chini ya bati, glavu zikichuruzika, akijiona mjinga.

"Haya, marahaba. Sasa nieleze kwa nini nafukuzwa kwenye karakana yangu mwenyewe."

"Ni hitilafu ya adabu, mama. Inajulikana." Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma. "Kifaa kisichofanyiwa Usafi wa Kwanza kinaweza kuonyesha tabia za mabaki ya malezi. Nikupe namba ya ruhusa, usafishe, italala."

"Kwa nini italala?"

"Itaacha kusubiri."

"Kusubiri nini?"

Sasa Obadia hakuwa anasoma tena.

"Mama, tishu haijipangi yenyewe. Lazima izungumziwe. Miezi kumi na minane ya kuzungumziwa, vinginevyo inabaki nyama tu. Sasa kampuni ikajenga nyumba, ikaweka mabakuli kwenye rafu, ikaajiri watu wa huku huku waongee nayo. Hawakupewa cha kusema. Waliambiwa tu, ongeeni. Hebu niambie, mtu wa huku ukimpa kitu kichanga kinachosikia, atakifundisha nini kwanza?"

Atuganile alikuwa amelea watoto wanne. Hata maji walikuwa hawajaweza kuyataja vizuri, lakini mgeni akiingia wanasukumwa mbele na vigauni vyao: mwamkie bibi, sema shikamoo. Na bibi anaitikia, na mtoto anakimbia zake akiwa ameridhika.

"Jioni," Obadia alisema, "mlezi anapita na kila rafu. Kila bakuli linasema shikamoo. Unaliitikia, marahaba, unazima taa ya rafu ile, unakwenda inayofuata. Kisha wanalala."

"Umesema wanalala."

"Nimesema zinalala."

"Umesema wanalala, mwanangu."

"Nilikuwa mlezi," alisema Obadia. "Zamu ya jioni, miaka miwili. Ukikosea hivyo mara tatu mbele ya msimamizi wanakuhamishia kwenye simu."

Alimweleza yaliyobaki haraka haraka, kama mtu anayetapika. Mashine za mwanzo ziliuzwa bila kusafishwa. Zikaamkia wateja, na wateja, kwa kuwa ni watu waliolelewa, wakaitikia. Basi zikalala vizuri kabisa, kama ile ya zahanati ilivyolala mchana kwa marahaba ya kwenye simu. Lakini iliyoitikiwa inajua sasa kwamba ina mtu. Kesho yake inamwita. Mwezi ukipita inaanza maswali: mlezi yuko wapi, taa ya rafu iko wapi, nyumbani tunarudi lini. Wateja hawakuweza. Wengine walizirudisha. Mmoja aliifunika yake blanketi akaihamishia stoo mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Ndipo wakaleta sindano," alisema.

"Ile sindano inachoma nini, Obadia?"

"Doa."

"Doa la nini?"

"Mama, unajua."

"Nataka ulitamke wewe."

"Ile sehemu inayongoja kuitikiwa."

Atuganile aliegemea nguzo. "Wanaumia?"

"Hawasemi," Obadia alisema. "Baada ya hapo hawasemi kitu. Namba ya ruhusa ni nne, sifuri, saba, saba. Andika, mama. Ukikawia itaoza, imebaki na siku tatu tu, na kuoza kwake ni kubaya kuliko sindano. Nimeona."

Aliiandika namba kwa kalamu juu ya glavu. Kisha akaivua ile glavu, na nyingine zote, akasimama anaitazama mikono yake mitupu. Kinyaa kilikuwa kimempanda mpaka kooni, na safari hii hakikuhusu utando. Alikumbuka moshi. Kila mara ulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na kila mara yeye alifungua dirisha na kulalamika kwamba kampuni ingeweza kutafuta kitu chenye harufu nzuri zaidi. Alikuwa akiwasha redio. Mara moja, ile ya parokia, alikuwa akila karanga kwa mkono mwingine. Kumi na tisa, na kwenye kioo cha kila moja ya hizo kumi na tisa lazima palikuwa na neno dogo la kijivu, ambalo hakuwahi kulisoma kwa sababu hakuwahi kukitazama kioo mpaka usafi uishe.

Safari hii hakuzuia. Alitapikia maua yake mwenyewe.

* * *

"Ugonile, mama!" Ambakisye aliingia asubuhi ya Jumatano akipangusa mabuti.

Ndiyo salamu ya milima ile, na mtu hana habari kwamba neno lenyewe linauliza kama umelala. Atuganile alikuwa ameitikia salamu hiyo tangu utotoni. Leo ilimkwama.

"Sijalala," alisema. "Kaa hapo."

Alimweleza yote. Ambakisye alisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, kichwa upande, bila kukatiza, kisha akaenda kuchungulia bakuli. Alikuwa mtu aliyezoea vidonda, lakini alirudi nyuma hatua moja na kuziba pua kwa kiwiko.

"Ikichomwa itafanya kazi?"

"Itafanya kazi vizuri sana."

"Basi choma, mama."

"Umenisikia nilichokwambia?"

"Nimekusikia." Hakuwa na ukali wowote. "Kesho nina watoto arobaini na wawili. Watoto wenye majina. Mama zao wanashuka na matope kutoka huko juu tangu alfajiri. Nikiwadunga chanjo iliyoharibika kwa joto, nitakuwa nimewadunga maji, na sitajua mpaka surua ije. Wewe unataka nifanye nini?"

"Na huyu?"

"Huyu nani?" Ambakisye aliuliza, akaona aibu kidogo kwa kuuliza. "Mama, mimi hung'oa meno ya watoto. Analia, anashikiliwa miguu, naling'oa. Kesho anacheka."

"Huyo amepona jino lake. Huyu atapona nini?"

"Atapona kusubiri," Ambakisye alisema. "Umefikiria hilo? Wewe ukimwitikia leo, umemfungulia mlango. Hizi zinakaa miaka kumi. Nani atakuwa anamwitikia kila jioni chumba cha dawa? Mimi? Jumapili je? Nikihamishwa? Na siku atakapouliza nyumbani anarudi lini, utamjibu nini? Hana nyumbani, mama. Ni rafu. Unasema kumchoma ni ukatili, na mimi sibishi. Lakini kumwitikia halafu ukamwacha si ndiyo ukatili mkubwa zaidi?"

Atuganile alikuwa amekesha akitafuta jibu la swali hilo hilo na hakulipata, na ilimchukiza kwamba kijana huyu amelifikia kwa dakika tano akiwa amesimama.

Akaandika namba ya ruhusa, akachomeka sindano. Hakuwa na nia ya kujionyesha mwema. Alikuwa mtu wa kazi, na maneno ya Ambakisye yalikuwa na uzito. Ncha ikawa nyekundu. Alisogeza utando kwa koleo, safari hii bila glavu, kwa sababu glavu zilikuwa zimemtia kichefuchefu kuliko kitu chenyewe, na vidole vikagusa maji. Yalikuwa ya moto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Hilo joto alilijua. Alikuwa amelipima kwa kiganja usiku mwingi katika maisha yake, bila kipimajoto, na hakuwahi kukosea.

Doa la buluu lilitetemeka. Kwenye kioo neno likazimika, likawaka.

Shikamoo mama.

Siku kumi na mbili sasa. Lilikuwa limesemwa kwa ukuta wa chumba cha dawa, kwa friji, kwa maboksi ya dawa za minyoo, na kila lilipokosa jibu lilisemwa tena. Mtoto mwingine yeyote angeshachukia. Hiki kitu hakikuchukia, kilikuwa kimefundishwa vizuri mno.

Atuganile akaiweka sindano mezani, ikaunguza mbao.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba. Lala."

Kioo kikazimika. Feni ikashusha pumzi na kunyamaza, na ndani ya bakuli mtetemo ukaja mara moja, mdogo, kisha haukuja tena. Kile kitu chekundu kililegea. Kilikuwa bado kinachukiza, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo, kilikuwa na utando na kilinuka. Aliuondoa utando kwa vidole, kipande kwa kipande, akiukunja uso, mpaka maji yakaonekana.

Ambakisye alikuwa anafuta viganja kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Imelala kweli," alisema.

"Amelala." Atuganile alichomoa waya wa sindano, akaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na glavu. "Atabaki hapa. Mimi sihamishwi, na Jumapili nipo."

"Na akiuliza?"

"Nitamwambia sijui. Wanangu niliwaambia sijui mara nyingi tu."

Ambakisye alitazama saa. Hakutaka kusema, lakini alisema. "Na watoto wangu, mama?"

"Chukua yangu ile ya mbele. Nilimsafi..." Alisita. "Imesafishwa. Inalala vizuri. Rudisha gari nyuma mpaka mlangoni, mimi nitoe vitu vyangu."

* * *

Kutoa vitu vyake kulichukua muda mfupi. Kumbukumbu za wateja, picha za wajukuu, barua. Alipomaliza, alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Miaka mitatu alikuwa ameigonga kibodi hii kila siku, akiipigia kelele, akiisifu kwa wageni. Nje gari la wagonjwa lilikuwa linarudi nyuma kwenye matope, Ambakisye akijielekeza mwenyewe kwa sauti.

Aliinama karibu na tundu dogo ambalo mashine husikilizia.

"Marahaba," alisema.

Kioo kilikuwa kimetulia, kinang'aa, kinasubiri amri.

"Marahaba, mwanangu." Akajaribu tena, kwa nguvu, kama unavyomwitikia mtu aliye ng'ambo ya bonde na hujui kama amekusikia. "Marahaba. Nimechelewa. Marahaba."

Akafungua orodha ya maombi, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

Hakuna ombi linalosubiri.

Aliondoa mkono kwenye kibodi. Akauweka pajani, akakaa bila kugusa kitu. Dakika zilipotimia kioo kilizimika kwa upole, kama kilivyozimika kila siku kwa miaka mitatu.

"Mama!" Ambakisye aliita kutoka nje. "Iko tayari?"

"Ichukue," Atuganile alisema. "Imelala."